Wageni Waliokunywa Dawa ya Mama Mkwe

Kuku wa kwanza alikufa saa sita mchana, jua likiwa utosini. Nilikuwa uani napepeta mpunga, nikamwona anatoka chumbani kwa mama mkwe, anayumba. Akazunguka mara mbili, akakaa chini. Nilipomgusa, kichwa kikalala pembeni. Nikasema huo ni mdondo, nikamtupa mbali na nyumba, nikanawa mikono kwa majivu. Lakini mdondo mimi naujua. Kuku anahara, shingo inapinda, na hafi peke yake. Huyu alikuwa msafi kabisa, na wenzake walikuwa wanadonoa kama kawaida. Niliyaona yote hayo nikayameza.

Wiki iliyofuata akafa wa pili, saa ileile, akitokea mlango uleule.

Nilikuwa na miezi mitatu tu pale Didia, kijijini kwa mama mkwe. Kabla ya hapo nilikuwa Nkome, ziwani, naanika dagaa na kuuza, na mume wangu yuko machimboni huko upande wa Geita, anashuka kwenye maduara kutafuta dhahabu. Yeye ndiye mtoto pekee aliyebaki wa mama yake. Siku moja akanipigia simu akasema mama haoni, dawa anajikorogea mwenyewe, na majirani wamemkuta ameanguka jikoni. Nikafunga magunia yangu nikaenda. Sikwenda kwa upole, niseme ukweli. Nilikwenda nikinung'unika njia nzima, maana dagaa walikuwa wengi mwezi ule na mimi hasira zangu ziko karibu. Lakini mama mkwe ni mama. Ukimwacha ajiangukie jikoni, utamwambia nini Mungu?

Jicho la kushoto la mama lilikuwa limeshakufa. La kulia lilikuwa linaona kwa upenyo mdogo tu katikati, pembeni kote giza. Hospitalini Shinyanga mjini walituambia ni presha ya macho, na daktari akanigeukia mimi, si yeye, akasema: "Hili jicho moja ndilo tulilobakiwa nalo. Matone asubuhi na jioni, bila kukosa hata siku moja. Likienda, halirudi." Maneno hayo niliyabeba mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba mayai kwenye kanga. Juu ya matone kulikuwa na vidonge vya presha ya damu na vidonge vya sukari.

Mimi shule yangu ni ya darasa la saba, lakini biashara ya dagaa imenifundisha kupanga. Chupa ya vidonge vya presha niliivalisha mpira niliokata kwenye tyubu ya baiskeli. Ya sukari niliizungushia kipande cha kitenge nikakishona kabisa kisitoke. Matone nikayaweka kwenye chungu kidogo chenye mchanga uliolowa maji, maana tuliambiwa yasipate joto, na friji hatuna. Mama akazipapasa zote, akazijua ndani ya siku mbili. Mpira asubuhi, kitenge baada ya kula, chungu asubuhi na jioni. Akataka ajihudumie mwenyewe, asinyweshwe kama mtoto, na mimi nikakubali, kwa sababu nilimwonea fahari na kwa sababu kazi za shamba zilikuwa zinanisubiri. Hapo ndipo nilipokosea.

Chupa ya matone ya mwezi mzima iliisha siku ya kumi na mbili. Nikasema mkono unatetemeka, anamwaga. Vidonge navyo vikawa vinakwisha kabla ya wakati. Nilipokwenda kuchukua vingine, nesi akanitazama kwa jicho la pembeni akauliza kama tunagawana na jirani. Nikarudi nimefura.

"Mama, unakunywa vingapi?"

"Kimoja kimoja, mayu." Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma, na aliniita hivyo hata siku aliyonikasirikia.

"Mbona vinaisha?"

"Vinaliwa."

"Vinaliwa na nani?"

"Na wanaokula," akasema, akaendelea kumenya karanga.

Nywele zilinisimama, na sikujua kwa nini, maana ilikuwa saa nne asubuhi na redio ya jirani inapiga muziki wa kwaya.

Baada ya hapo nikaanza kusikiliza. Ikifika saa sita, ule wakati ambao hata mbwa wamelala, nilimsikia chumbani anaamkia watu. "Mwadila. Mwadila." Hiyo ni salamu yetu ya mchana. Halafu kimya, cha urefu uleule ambao mtu angeitikia. Halafu: "Kaeni, kaeni. Huyo mdogo msogezeni ndani, jua kali." Halafu kimya tena. Angekuwa anaongea mfululizo ningesema ni uzee, mzee anaongea na nafsi yake. Lakini alikuwa anasubiri majibu, na akishasubiri anacheka kidogo, kwa adabu, kama unavyocheka na mgeni usiyemzoea. Nilipoingia nilimkuta amekaa kitandani, uso ameuelekeza kwenye benchi la ukutani. Benchi tupu.

Siku moja mama jirani alikuja kuazima ungo akamkuta katikati ya salamu zake. Akasimama, akaniuliza, "Mna wageni?"

"Ndiyo, shangazi zake kutoka Tinde," nikajibu haraka.

Akatazama mlangoni. Hapakuwa na ndala hata moja. Akanitazama mimi, akachukua ungo, akaondoka bila kuaga. Siku mbili baadaye aliurudisha kwa kumtuma mtu, na yule mtu akaniambia, eti ameagizwa aulize kwa nini kuku wetu wanakufa wakati wa wengine wazima. Hapo niliingia hofu ya kweli. Ninyi mliokulia mbali labda hamjui. Huku kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu anatakiwa awe na bahati. Macho yanakuwa mekundu kwa moshi wa kuni, kwa vumbi, kwa dawa, lakini watu hawasemi moshi, wanasema uchawi. Wako bibi waliokatwa mapanga kwa ajili ya macho kama yale ya mama mkwe wangu, na waliowakata walikuwa watu waliokuwa wanawaamkia shikamoo. Sasa mtu wa macho hayo awe anaamkia benchi, na kuku wanaanguka mlangoni kwake. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nikaanza kufunga dirisha lake mchana na kuwasha redio kwa sauti.

Nikampigia mume wangu. Akasikiliza, akasema bila hata kufikiri, "Hao ni masamva. Wazee wa ukoo wamekuja kudai. Mtafute mganga, mfumu, apige ramli, achinjwe mbuzi."

"Njoo umchinje wewe," nikamwambia. "Mama yako anapofuka na wewe unaongelea mbuzi."

Simu ikakatika. Labda ni mtandao, labda ni yeye. Nikabaki nimesimama uani nalia kwa hasira, na ndani nasikia, "Mwadila."

Akafa kuku wa tatu. Siku iliyofuata niliaga kwa sauti kwamba nakwenda kisimani, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaingia kupitia jikoni na kukaa nyuma ya pazia la chumba chake, juu ya gunia la mahindi. Miguu peku. Nilijisikia mwizi, na nilikuwa naogopa, haki ya Mungu. Nilikuwa naogopa kwamba nitamwona anafanya jambo ambalo sitaweza kulisahau. Na nilikuwa naogopa zaidi kwamba nitawaona na mimi.

Ilipofika saa sita aliinua uso. Aliwaamkia. Akasubiri. Kisha akapapasa chupa yenye mpira, akaifungua, akamimina vidonge kwenye kiganja, akavihesabu kwa kidole gumba. Kimoja akakiweka mdomoni. Vingine akaviweka kimoja kimoja kwenye kisahani, akakisukuma sakafuni mpaka mbele ya benchi. "Karibuni," akasema. "Ni kidogo lakini ndicho kilichopo." Akafanya vilevile na chupa yenye kitenge. Kuku mmoja kati ya waliobaki alikuwa amesimama kizingitini, anakiangalia kisahani.

Kisha akatoa matone kwenye chungu. Alisimama. Akajidondoshea lake moja, akafumba, akafuta. Halafu akapiga hatua moja kuelekea benchi, akanyoosha mkono wa kushoto hewani, chini kidogo ya kiuno chake, akakunja vidole taratibu kama mtu aliyeshika kidevu cha mtoto. Akakiinua. Akavuta chini ukope wa mtoto ambaye hakuwepo, na mkono wa kulia ukadondosha tone. Tone likaanguka sakafuni, likanywewa na udongo. "Tulia, litawasha kidogo," akasema. Akahamia kwa mwingine, mrefu zaidi. Mkono wake ulipanda, ukasimama kwenye urefu wa uso wa mtu mzima, na haukutetemeka hata kidogo. Alikuwa anamwaga dawa kwa mkono imara kuliko wangu.

Nilitoka nyuma ya pazia. Nilimfukuza yule kuku kwanza. Nikaokota vidonge vyote vilivyokuwa kwenye kisahani, halafu nikapasuka.

"Mama! Hilo ni jicho lako. Unawapa watu ambao hawapo jicho lako!"

Hakushtuka. Alirudi kitandani akakaa, akaweka mikono mapajani.

"Najua si watu," akasema. "Unanifanya mimi mjinga? Watu gani wanakaa siku nzima bila kukohoa? Walikuja tangu mvua za kwanza. Wamevaa vizuri, wengine na vilemba. Sura siwajui. Wanakaa hapo wananiangalia mdomoni."

"Sasa kwa nini unawapa?"

"Mayu, wewe ungekula mbele ya mgeni bila kumkaribisha? Mtoto anakuangalia mdomoni, unameza tu? Sikulelewa hivyo. Nawakaribisha, hawakatai. Mtu ambaye hajakataa nitajuaje kama ameshiba?"

Kwetu mtu akikukuta unakula unamwambia karibu, hata kama ni adui yako, hata kama ni tonge la mwisho sufuriani, na yeye akitaka kukuachia chakula chako anakwambia asante, nimeshiba. Mimi mwenyewe nimeshawahi kumkaribisha polisi aliyekuja kunikamata kwa dagaa wasio na kibali. Mama alikuwa anafanya nilichofundishwa na mama yangu. Nikakaa sakafuni pale pale, nikalia, na yeye akawa ananipigapiga begani, ananipa pole kwa kosa lake.

Kesho yake tulipanda bodaboda mshikaki, yeye katikati, mpaka hospitalini mjini. Nilimnong'oneza daktari nikiwa nimefunga mlango, nikitegemea atacheka au atatuelekeza wodi ya vichaa. Hakufanya lolote kati ya hayo. Akamwamkia mama shikamoo, akaitikiwa marahaba, akavuta kiti karibu.

"Mama, hao wageni wanasema?"

"Hawasemi."

"Wanakugusa?"

"Hapana. Wana adabu."

Akatueleza. Macho yakishindwa kuleta picha, akili haikubali kukaa tupu, inajichorea yenyewe. Watu, watoto, maua, nguo nzuri. Si wazimu na si uchawi, na wazee wengi wanaona lakini wanakaa kimya kwa kuogopa kuitwa wachawi. Mama akasikiliza, kichwa amekiinamisha, kisha akauliza mbona hawasemi.

"Kwa sababu masikio yako ni mazima," daktari akasema.

Mama akacheka. Alicheka sana, na mimi nikacheka, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi kifua kilinifunguka. Halafu daktari akapima jicho. Presha ya jicho ilikuwa juu. Tone lake lilikuwa la saa sita tu, mara moja kwa siku, na siku nyingine chupa imeisha hana kabisa. Upenyo ulikuwa umepungua. "Kilichokwenda kimekwenda," akasema. "Tushike kilichobaki." Aliniambia mimi tena, siyo yeye.

Kumwambia mama asiwakaribishe kulishindikana. Nilijaribu. Nilimtania, "Mama, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wako wana miezi." Akasema basi niwape jembe mimi, yeye hawezi. Nilipomnywesha kwa mkono wangu, alificha kidonge chini ya ulimi mpaka nitoke. Nilikikuta kwenye kisahani kimelowa. Nikakasirika, nikatoka nje, nikazunguka nyumba mara tatu. Nikarudi na sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa.

"Wageni wangapi leo?"

"Saba."

Nikaweka vipande saba mbele ya benchi. "Karibuni," nikasema kwa sauti, nikiangalia ukuta. "Hiki ni chenu. Dawa ni ya mama, ni ya ugonjwa wake, haigawiwi." Mama akageuza uso kushoto na kulia, akiwatazama. Kisha akafungua kiganja, nikaweka kidonge, akameza. Akainua uso, nikamdondoshea tone.

Ikawa hivyo kila asubuhi, na jioni tena. Matone yakaanza kufika mwisho wa mwezi. Kuku walikula viazi wakanenepa, hakuna aliyekufa tena, na mama jirani akarudi kuazima ungo. Lakini mimi nilibadilika, na hili sijamwambia mtu. Nilianza kuwapisha. Nikiingia chumbani na ndoo napita upande wa kitanda, sipiti mbele ya benchi. Siku moja nilichoka nikakaa, na mama akasema taratibu, "Umemkalia yule mdogo." Niliruka. Nilisema samahani. Nililiomba samahani benchi, mimi niliyebishana na wavuvi Nkome nzima. Tangu siku ile sikuligusa tena.

Baada ya kiangazi nilipouliza wangapi, akasema watano. Baadaye watatu. Nilifurahi. Nilihesabu kila siku kama mtu anayeona kunguni wanapungua kitandani. Nikampigia mume wangu nikamwambia dawa inafanya kazi, masamva wako wanakwenda zao bila mbuzi. Ikafika asubuhi nikauliza, mama akageuza uso huku na huku, muda mrefu, akasema, "Leo hawajaja." Nilipiga kigelegele kimoja kidogo, nikaenda kuosha vyombo.

Kliniki ilikuwa wiki ile. Nilimweleza daktari kabla hajaketi, kwamba wageni wameondoka wote. Nilitegemea atapiga makofi. Akachukua tochi, akamulika jicho la kulia kutoka pembeni.

"Mama, taa iko wapi?"

Mama akanyoosha kidole dirishani.

Akaimulika mbele kabisa. "Sasa?"

Kidole kikabaki palepale dirishani.

Daktari alizima tochi. Akanieleza polepole, mbele yake, kwamba wale wageni walikuwa wanachorwa na ule mwanga kidogo uliobaki. Mwanga ukiisha kabisa, kwa wengi huwa wanaondoka. Matone yalichelewa. Vidonge vya presha na sukari tuendelee, hivyo ni vya uhai. Mimi nilikuwa namsikia kwa mbali. Nilikuwa nakumbuka kile kigelegele. Mama alikuwa ametulia kwenye kiti, na nikaelewa kwamba yeye alijua, tangu watano, tangu watatu, na aliniacha nifurahi.

Kesho yake asubuhi nilimletea chupa yenye mpira na maji. Akapokea kidonge, akakaa nacho kiganjani. Nikamwambia anywe. Akasema atakunywa.

"Mama, tatizo nini?"

"Hakuna tatizo. Nyumba imekuwa kimya tu." Aliigeuza geuza ile dawa kwa kidole gumba. "Siwezi kukaa nakula peke yangu gizani, mayu. Kuna baridi."

Nilitazama benchi. Lilikuwa na vumbi, maana kwa miezi yote ile hakuna aliyelifuta. Nilikuwa bado naliogopa, na ni aibu kusema hivyo, lakini nilikuwa naliogopa. Nikaenda nikakaa katikati yake, mgongo ukutani, uso kwa uso naye.

"Nani huyo amekaa?" akauliza.

"Ni mimi, mama. Mwadila."

Akaitikia, na mchana ulikuwa bado haujafika. Kisha akanyoosha kiganja chake mbele, na kile kidonge kimoja katikati, akinitafuta kwa uso ambao hauoni. "Karibu," akasema.

Nikausukuma mkono wake taratibu urudi kwake.

"Asante, mama," nikamwambia. "Nimeshiba."

Akatikisa kichwa kukubali, akakitia kile kidonge mdomoni mwake, akanywa maji yote.